Sikiliza Kwanza, Ogopa Baadaye

Ukitaka kuipima filamu ya mizuka iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, usianze na sura ya mzuka. Poda nyeupe na wanja hupatikana popote. Anza na masikio.

Kipimo changu ni Carnival of Souls ya mwaka 1962. Mwongozaji wake, Herk Harvey, alikuwa akitengeneza filamu za mafunzo na za viwanda huko Lawrence, Kansas. Akirudi nyumbani kwa gari kutoka California, aliliona jumba la starehe la Saltair limetelekezwa kando ya Great Salt Lake, akamwomba mwenzake John Clifford aandike hadithi itakayoishia humo. Walitumia takriban dola 33,000.

Mary Henry, mpiga kinanda cha kanisani, amenusurika gari lilipotumbukia mtoni. Siku moja yuko dukani akinunua nguo, sauti za mji zinakatika. Anazungumza na muuzaji, hasikiki. Anasimama mbele yake, haonekani. Baadaye, bustanini, ndege analia na dunia inamrudia. Hakuna damu, na ukimya ule haukugharimu chochote. Mwongozaji dhaifu angeliziba pengo lile kwa ngurumo. Anayethubutu kunyamaza, mpe heshima yake.

Kisha uliza muziki unatoka wapi. Hapa ni kinanda tu, kilichopigwa na Gene Moore, na kinanda ndicho kazi ya Mary. Ndiyo maana vidole vyake vinapouacha wimbo wa ibada na kushika njia nyingine, mchungaji akashtuka na kumfukuza, mtazamaji hajui tena kama anasikia kinanda cha kanisani au kilichomo kichwani mwake. Muziki wa kubandikwa hauwezi kufanya hivyo.

Kasoro zipo. Daktari anaeleza mno mambo ambayo picha zimekwisha kuyasema, na hilo silisamehe. Ukavu wa baadhi ya waigizaji, lakini, nauacha: unazidi kumtenga Mary na walio hai.

Harvey hakutengeneza tena filamu ndefu ya hadithi. Hii ilirudi kwenye kumbi za sinema mwaka 1989, baada ya kuwa imekwisha kumgusa George Romero, aliyetoa Night of the Living Dead mwaka 1968.

Ukishaijua siri yake, itazame upya tangu pale Mary anapotoka mtoni peke yake, ametapakaa matope. Watu wanamwuliza wenzake waliokuwa naye garini wako wapi. Anajibu hakumbuki.