Nukta Moja Ndani ya Mizania

Mjerumani akiandika 1.250 anakusudia elfu moja mia mbili na hamsini. Mkuwaiti akiikuta 1.250 kwenye hesabu ya dinari, anasoma dinari moja na filsi 250, kwa kuwa dinari yao hugawanyika filsi 1,000. Namstahi sana mfasiri anayeivusha nukta hiyo salama, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka Kijerumani kwenda Kiarabu.

Kazi ipo. Kuwait ina hisa katika kampuni inayounda Mercedes tangu 1974. Mwaka 2004 jimbo la Sachsen-Anhalt lilitoa sukuk, yaani hati fungani za Kiislamu, za euro milioni 100, likitumia majengo ya serikali ili mwekezaji apate kodi ya pango badala ya riba. Katika hati kama hizo, neno la mkopo likiponyoka mahali pa neno la ukodishaji, msingi wa makubaliano yote umeyumba.

Ninachokistaajabia zaidi ni ujuzi usioonekana. Sheria ya Biashara ya Ujerumani, inayotumika tangu 1900, hairuhusu jengo la kampuni kuandikwa kwa thamani inayozidi gharama ya kulipata, hata bei za mji zikipanda mara tatu. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika kwa Kiarabu fasaha kabisa maneno yanayomfanya msomaji wa Doha adhani anaiona bei ya soko. Anayelijua hutulia, hupima, kisha huandika kwa tahadhari ileile aliyokuwa nayo mhasibu. Halafu kuna majedwali: safu zinageuka kuanzia kulia, lakini tarakimu zenyewe zinabaki kusomwa kutoka kushoto. Hapo hukagua kila namba kwa kidole.

Kumpata mtu huyo si rahisi. Nchini Ujerumani mahakama huwaapisha wafasiri, na muhuri wao una uzito; hata hivyo kiapo hakithibitishi kwamba mtu anaielewa mizania. Anayemtafuta asimjaribu kwa barua ya mwenyekiti iliyojaa shukrani. Ampe ukurasa wa maelezo ya hesabu, ule wenye maandishi madogo. Ukirudi upesi bila swali hata moja, aendelee kutafuta. Ukirudi na maswali kuhusu uchakavu wa mitambo, tarehe ya kufunga hesabu na msomaji aliyekusudiwa, ampe kazi, pamoja na siku zote anazoomba.