Maji kwa Wino wa Kahawia

Mwaka 1902 François Matthes, mzaliwa wa Amsterdam aliyekuwa mpima ardhi wa serikali ya Marekani, alianza kuchora ramani ya Grand Canyon, korongo kuu la Arizona. Alipimia ubao uliosimamishwa juu ya miguu mitatu, karatasi juu yake, na rula yenye darubini. Mpimaji hulenga kilele, huvuta mstari. Akihamia kituo cha pili hukilenga tena, na mistari inapokatana ndipo kilipo. Pembe ya darubini humpa kimo. Umbo la nchi iliyo katikati ya vilele hulichora palepale, macho yakipanda na kushuka kati ya karatasi na miamba.

Ufundi wenyewe umo humo. Kipimo cha ramani ni 1:48,000, na kila kontua, mstari wa kahawia unaounganisha sehemu za kimo kimoja, imepanda futi 50, yaani mita 15 hivi. Kutoka ukingo wa kusini hadi Mto Colorado, karibu na kijito cha Bright Angel, inahitajika mistari ipatayo 90 ndani ya upana wa kiganja. Nayo haigawani nafasi sawasawa. Kwenye genge la chokaa la Redwall inabanana karibu kugusana. Chini zaidi, kwenye tambarare ya Tonto, inaachana na jicho linapumzika. Kisha inabanana tena kando ya mto. Mwamba mgumu na mwamba laini unajulikana bila kusoma jina hata moja.

Mimi navutiwa zaidi na maji. Nchi ni kame, wino wa buluu wa mito ni haba, lakini kila kontua ikivuka bonde hujikunja, ncha ikielekea yanakotoka maji. Zifuate ncha hizo tu. Makorongo ya pembeni upande wa kaskazini ni marefu, ya kusini mafupi, kwa sababu uwanda wote umeinamia kusini: mvua na theluji ya Kaibab, upande wa kaskazini, hushukia korongoni, ile ya ukingo wa pili hulipa korongo kisogo. Kijito cha Bright Angel nacho kimenyooka ajabu, kwani kinafuata ufa wa miamba.

Leo picha za angani na leza hutoa kontua sahihi zaidi, sibishi. Matthes, yeye, alilazimika kuamua kila kijibonde: kichorwe au kiachwe. Nusu ya magharibi ya ramani ilimsubiri mpimaji mwingine, Richard Evans, miaka ya 1920.