Mji Uliotolewa na Jibu Lisilokuja: Wasomaji na Riwaya ya Watoto Waliopotea Msituni

Katika sanaa ya vitendawili vya Waswahili kuna sharti moja linalojulikana hata na mtoto mdogo. Mtegaji akisha kutega, na wategewa wakashindwa kutegua, mtegaji huomba mji. Wategewa humtajia mji wa kumpa, naye akisha kuupokea hana budi kutoa jibu. Mtegaji achukuaye mji kisha akaenda zake kimya huhesabiwa mlaghai. Riwaya ya taharuki imesimama juu ya mapatano yaliyo karibu sana na hayo: msomaji hutoa muda wake, fedha zake na wasiwasi wake, na mwandishi huahidi kwamba ukurasa wa mwisho utalipa deni. Makala haya yanachunguza jinsi wasomaji walivyoipokea riwaya moja iliyoyavunja mapatano hayo, au iliyodhaniwa kuyavunja.

Riwaya yenyewe ni In the Woods, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Msituni". Iliandikwa na Tana French, mwandishi aishiye Dublin, na ilitolewa mwaka 2007. Ndiyo riwaya yake ya kwanza, na mwaka 2008 ilipata tuzo ya Edgar ya Marekani kwa riwaya bora ya kwanza. Kisa chake kina matukio mawili. La kwanza ni la kiangazi cha mwaka 1984. Watoto watatu wenye umri wa miaka kumi na miwili, Jamie, Peter na Adam, wanaingia katika msitu ulio karibu na makazi yao huko Knocknaree, kitongoji cha kubuniwa nje ya Dublin. Jioni anapatikana mmoja tu. Adam amejibana kwenye mti wa mwaloni, viatu vyake vimejaa damu, na hakumbuki chochote. Wawili wengine hawaonekani tena. Tukio la pili linatokea miaka ishirini baadaye. Adam sasa ni mpelelezi wa mauaji, anatumia jina la Rob Ryan, na wakubwa wake hawajui kwamba yeye ndiye mtoto yule. Msichana mwenye umri ule ule wa miaka kumi na miwili, Katy Devlin, anakutwa ameuawa mahali hapo hapo, juu ya jiwe la kale linalochimbuliwa na wataalamu wa akiolojia. Rob na mwenzake, Cassie Maddox, wanapewa kazi ya kumtafuta muuaji.

Muuaji wa Katy anapatikana. Yaliyowapata Jamie na Peter hayajulikani hadi ukurasa wa mwisho. Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujakwisha mpaka leo. Kundi moja lilikasirika. Kwa watu hawa, mwandishi amewavuta kwa kamba ya msitu kurasa mamia, kisha akaikata kamba na kuwaacha kizani. Kundi la pili lilisifu hatima hiyo hiyo, likiona kwamba ukimya wa msitu ndio uliowabakia moyoni baada ya kukifunga kitabu. La tatu halikushughulika sana na msitu. Hasira yake ilimwelekea Rob mwenyewe, jinsi alivyomtenda Cassie, rafiki wa pekee aliyemwamini, na jinsi alivyokuwa kipofu mbele ya mambo ambayo msomaji ameyatambua mapema.

Si haki kulipuuza kundi la kwanza kwa kusema kwamba halikuelewa. Madai yake yana msingi katika historia ya fani hii. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, alitunga amri kumi za hadithi ya upelelezi, na roho ya amri hizo ni kwamba msomaji asifichwe yale yanayohitajika ili kulifikia jibu. Msomaji wa Kiswahili naye amelelewa katika malezi hayo hayo. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, Bwana Msa huyafumbua mafumbo yote kwa akili, na kile kilichodhaniwa kuwa ni kazi ya mizimu hudhihirika kuwa ni kazi ya binadamu. Aliyezoea kulipwa na Bwana Msa atasikitika anapofika Knocknaree akakuta hakuna wa kumlipa.

Hata hivyo, kabla ya kudai jibu ni lazima kuuliza ni kitendawili gani kilichotegwa. Rob ndiye anayesimulia, na tangu mwanzo anamtahadharisha msomaji kwamba yeye ni mtu wa kusema uongo. Tahadhari hiyo husomwa upesi na kusahauliwa, kwa kuwa sauti yake ni tamu na huzuni yake ni ya kweli. Ndipo anapotokea Rosalind, dada mkubwa wa marehemu. Rob anamwona ni binti mpole aliyeonewa, na anamwamini bila kumchunguza. Kumbe Rosalind ndiye aliyemchochea kijana Damien, mmoja wa wachimbaji, amuue mdogo wake. Cassie anafaulu kumfanya aseme ukweli mbele ya kinasa sauti, lakini ushahidi huo hauna nguvu mahakamani: Rosalind hajatimiza miaka kumi na minane. Alimdanganya Rob kuhusu umri wake, na Rob hakuthibitisha. Damien anafungwa, aliyeyapanga mauaji anaponyoka.

Sehemu hii ndiyo ufunguo wa riwaya, na ni ajabu kwamba wasomaji waliokasirika huitaja kwa nadra. Kwanza, inaonyesha kwamba kosa la Rob ni kosa la msomaji pia. Rob alimwamini Rosalind kwa sababu alijua kusimulia. Msomaji alimwamini Rob kwa sababu hiyo hiyo. Pili, inaonyesha kwamba kupata jibu si sawa na kupata haki. Kitendawili cha Katy kimeteguliwa chote: aliyeua anajulikana, aliyechochea anajulikana, sababu inajulikana. Lakini hakuna aliyepona kwa kujua. Wazazi wa Katy wamepoteza zaidi ya mtoto mmoja, na urafiki wa Rob na Cassie umevunjika. Msomaji anayeamini kwamba angetulia kama angeambiwa habari za Jamie na Peter amekwisha kuonyeshwa, katika kitabu hicho hicho, jinsi jibu kamili linavyoweza kumwacha mtu bila utulivu.

Zaidi ya hayo, swali la wasomaji wengi ni, "Watoto wawili walikwenda wapi?" Riwaya inauliza swali jingine: Adam alikwenda wapi? Mtoto aliyepatikana kwenye mwaloni alipelekwa shule ya bweni Uingereza, akabadilishwa jina, akarudi na lafudhi ya kigeni, na akajenga maisha juu ya shimo alilokataa kulichungulia. Kila anapokaribiwa na mtu anayempenda, hukimbia. Usiku mmoja anakwenda kulala msituni ili kumbukumbu zimrudie, nazo zinaanza kuja. Anashikwa na hofu, anampigia simu Cassie aje amwondoe, na tangu usiku huo anaanza kumharibia Cassie maisha. Kwa maana hiyo mtoto aliyepotea kuliko wote ni yule aliyerudi nyumbani. Wale waliomchukia Rob walikaribia sana kiini cha kitabu, ila walikomea kwenye kumlaumu.

Pamoja na utetezi huu, French hawezi kuachiliwa bila lawama. Mtegaji anao uhuru wa kuacha jambo bila jibu, lakini hana uhuru wa kutikisa funguo mbele ya mlango asiokusudia kuufungua. Rob anapokumbuka uhalifu ambao watoto wale waliushuhudia msituni kiangazi kile, na mmoja wa waliohusika akawa ni baba yake Katy, msomaji anapewa kila sababu ya kuamini kwamba nyuzi mbili zitafungwa pamoja. Njia hiyo inaishia hewani. Usiku wa msituni nao umeandikwa kwa taharuki kubwa kiasi kwamba kutofika popote kunaonekana kama hila ya mwandishi, hata kama ni udhaifu wa Rob. Hapa wasomaji waliokasirika wanadai haki yao: kilichowaumiza ni ahadi zilizorudiwa baada ya mwandishi kujua kwamba hatazitimiza.

Je, jibu lingesaidia? Fasihi ya Australia ina mfano unaofaa kulinganishwa. Mwaka 1967 Joan Lindsay alitoa Picnic at Hanging Rock, riwaya ya wasichana wa shule waliopotea mlimani, nayo iliachwa bila ufumbuzi. Mwandishi alikuwa ameandika sura ya mwisho yenye maelezo, ikaondolewa kabla ya kuchapishwa. Alifariki mwaka 1984, na sura hiyo ikatolewa mwaka 1987. Wadai wakalipwa. Lakini kitabu kinachoendelea kusomwa, na kilichotengenezewa filamu mwaka 1975, ni kile kisicho na jibu. Sura iliyofichwa imebaki kama nyongeza kwa wenye kutaka kujua.

Jambo la mwisho linahusu ardhi yenyewe. Msitu wa Knocknaree unakaribia kufyekwa ili ipite barabara kuu, na wachimbaji wanashindana na muda kuyaokoa mabaki ya kale. Riwaya ilitolewa wakati Ireland ikibishana juu ya barabara ya M3 karibu na kilima cha Tara, barabara iliyofunguliwa mwaka 2010. Nchi iliyokuwa na haraka ya utajiri ilikuwa ikiyafunika ya kale kabla ya kuyauliza. Msitu ukifyekwa, hakuna atakayeingia tena kuwatafuta Jamie na Peter. Ukimya wa kitabu basi ni ukimya wa mahali palipofukiwa, na familia nyingi zenye mtoto asiyeonekana huishi katika ukimya wa namna hiyo. Wao nao wametoa mji, na jibu halijaja.

Msomaji aliyekasirika asinyamazishwe, kwa kuwa hasira yake ni ushahidi kwamba watoto wale walikuwa hai kwake. Ila anapoidai hesabu yake, na aanzie kwenye ukurasa ule wa mwanzo ambapo msimulizi alikiri uongo, naye akampa mji hata hivyo.