Mwanamke Asiye na Jina

Msomaji, kila mchezo wa kuigiza uliotungwa juu ya mambo ya kale una mabwana wawili. Wa kwanza ni historia, naye hudai kwamba mambo yasemwe kama yalivyotukia. Wa pili ni jukwaa, nalo hudai kwamba mambo yaonekane, yasikike, na kumgusa mtazamaji katika muda wa saa mbili tu. Mtunzi hawezi kuwatumikia wote wawili kwa haki sawa. Kazi ya mhakiki ni kutazama mahali ambapo mtunzi alimpendelea bwana mmoja, na kupima kama upendeleo ule ulileta faida au hasara.

Nataka kuifanya kazi hiyo katika mchezo uitwao Mzalendo Kimathi. Ulitungwa kwa Kiingereza na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo, ukachapishwa mwaka 1976, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ukachezwa katika jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Nairobi. Mwaka 1977 ulipelekwa Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, na mwaka 1978 tafsiri ya Kiswahili ilitoka. Watu wengi huusoma kwa ajili ya Kimathi. Mimi nitausoma kwa ajili ya wanawake wawili waliomo, mmoja mtu mzima na mmoja kijana. Mtunzi amewaita Mwanamke na Msichana, basi.

Jambo hili sikuligundua mwenyewe. Nililetewa na mwanafunzi. Nafundisha upande wa bara wa Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na mwaka mmoja tulikuwa tukiusoma mchezo huu darasani kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Msichana aliyepewa sehemu ya Mwanamke alisoma vizuri mpaka mwisho wa onyesho, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, huyu jina lake nani?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa katika chuo cha ualimu: hana jina, mwanangu, kwa sababu anasimama mahali pa wanawake wengi.

Akafikiri kidogo, akasema, "Na Kimathi je? Yeye hasimami mahali pa wanaume wengi?"

Darasa likacheka. Kengele ikalia, nami nikafurahi kuisikia, maana sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Kwanza tuukumbuke wakati wenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, nayo ikadumu mpaka Januari 1960. Ulikuwa utawala wa mabavu: watu walizuiliwa bila kuhukumiwa, wakapigwa, wakateswa, na wengine wakanyongwa. Msomaji wa pwani asidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Nyeri na Murang'a peke yake. Njia ya zamani ya gari la moshi, itokayo Mombasa kwa kupitia Changamwe, ilipita Mackinnon Road na Manyani, na mahali pote pawili palikuwa na kambi za wazuiliwa. Katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, palikuwa na kambi nyingine. Wanawake nao hawakusazwa. Wapatao 8,000 walizuiliwa baina ya mwaka 1954 na 1960, wengi wao Kamiti. Kimathi mwenyewe alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi wa Novemba kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Haya ndiyo mambo ambayo watunzi waliyachukua na kuyatia jukwaani. Hawakuyanakili. Kumbukumbu za kesi yenyewe, ambazo zilichapishwa katika kitabu mwaka 2017, zaonyesha mahakama ya namna nyingine kabisa. Jaji wa kweli alikuwa Sir Kenneth O'Connor. Katika mchezo hakimu ni mtu wa kubuniwa, Shaw Henderson, ambaye ni hakimu kortini na mshawishi ndani ya chumba cha mfungwa. Jina hilo latukumbusha Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi msituni. Watunzi walitaka tuone kwamba mkono uliowinda na mkono uliohukumu ulikuwa mkono mmoja. Hapo walimpendelea bwana wa pili, yaani jukwaa, na kwa maoni yangu walifanya vyema, kwa sababu uwongo wa umbo umetufunulia ukweli wa jambo.

Sasa tumtazame Mwanamke. Mwanzoni mwa mchezo anasimamishwa njiani na askari wa Kizungu. Askari anampekua, anamdhihaki, kisha anamwacha aende zake. Amemwona mwanamke mmoja wa Kiafrika aliyebeba vyakula, wala hakuona zaidi. Ndani ya mkate mna bastola ya kumwokolea Kimathi. Onyesho hili ni fupi, walakini ni miongoni mwa maonyesho bora kabisa katika kitabu kizima. Hapana hotuba. Askari ana bunduki, sare, na amri. Mwanamke ana mkate, na dharau ya askari. Dharau ile ndiyo ngao yake. Lau askari angemfikiria kuwa mtu mwenye akili na siri, angeuvunja ule mkate.

Baadaye Mwanamke anakutana na Mvulana na Msichana, watoto wa barabarani wanaogombana kwa ajili ya fedha kidogo. Mvulana anamkimbiza Msichana. Mwanamke anamkemea Mvulana, anampa kazi ya kuufikisha ule mkate, na kwa maneno machache anamsimulia maisha yake ya zamani mjini, kabla hajaitika mwito wa mapambano. Msichana naye, aliyezoea kukimbia kila aonewapo, wakati mmoja anasimama, anageuka, na kukataa kukimbia tena. Nawaomba wasomaji walisome onyesho hilo polepole. Hapo hakuna Mzungu wala jaji. Kuna mvulana na msichana tu, wote wawili maskini, na mmoja amemfanya mwenzake kuwa windo. Watunzi wanatuambia kwamba udhalimu hauwi wa Serikali tu. Huteremka mpaka kwa mnyonge, naye hutafuta mnyonge zaidi yake. Msichana anapokataa kukimbia ndipo anapokuwa tayari kupambana na walio wakubwa zaidi. Mchezo unapokwisha, ni hao vijana wawili wanaosimama kortini kuonyesha kwamba mapambano hayakufa pamoja na hukumu.

Turudi kwenye swali la jina. Jibu la kwanza ni lile la chuoni: Mwanamke hana jina kwa kuwa ni wengi. Jibu hilo lina ukweli, illa ni nusu ya ukweli. Mwanafunzi wangu aliona sawasawa kwamba Kimathi pia ni wengi, na jina analo. Hata dhalimu analo.

Jibu la pili ni bora kuliko la kwanza. Katika wakati wa siri na upelelezi, jina ni hatari. Mtu anayebeba bastola ndani ya mkate hapaswi kujulikana. Mwanamke hana jina kwa sababu kukosa jina ni silaha yake: askari hakumtambua, nasi pia tusimtambue. Kwa njia hii watunzi wametuweka sisi wasomaji mahali pa askari, tukipitwa na shujaa mbele ya macho yetu. Hili ni wazo zuri, na lafaa kabisa katika onyesho la kwanza.

Lakini siri ina mwisho wake. Hatari ikiisha kupita, jina hurudi kwa mwenyewe. Katika mchezo huu jina halirudi. Pazia linashuka, Kimathi anabaki na jina lake, na Mwanamke anabaki kuwa Mwanamke. Hapo ndipo naona upungufu. Nao umeletwa na upungufu mwingine: baada ya lile onyesho la mkate, Mwanamke karibu haogopi wala hasiti kamwe. Ana jibu la kila swali. Maisha yake ya zamani yametajwa kama mtu atajavyo kituo ambacho gari limekwisha kukipita. Asiyeogopa si rahisi kumjua, na tusiyemjua si rahisi kumpa jina.

Ulinganisho utatusaidia. Katika Jamhuri ya Dominika, Rafael Trujillo alitawala kwa mabavu tangu mwaka 1930 mpaka alipouawa mwaka 1961. Miongoni mwa waliompinga walikuwa ndugu watatu wa kike wa tumbo moja: Patria, Minerva, na María Teresa Mirabal. Jina lao la siri lilikuwa Vipepeo. Tarehe 25 Novemba 1960 watumishi wa Trujillo waliwaua pamoja na dereva wao, Rufino de la Cruz, kisha wakalitupa gari lao bondeni ili ionekane kuwa ni ajali. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kupinga ukatili juu ya wanawake. Mwandishi Julia Alvarez alitunga riwaya juu yao mwaka 1994, na mwaka 2001 riwaya hiyo ilifanywa filamu.

Katika riwaya ile kila ndugu anasema kwa sauti yake. Patria ni mcha Mungu. Minerva amesomea sheria na kunyimwa ruhusa ya kufanya kazi yake. María Teresa ni kitinda mimba. Tena yupo wa nne, Dedé, ambaye hakuwa safarini siku ile, akabaki kuwalea watoto wa marehemu mpaka alipofariki mwaka 2014. Kwa kuwa wana majina, wanaweza kutofautiana; na kwa kuwa wanatofautiana, tunauona woga wa mmoja ukipimana na ujasiri wa mwingine. Njia hiyo nayo ina hatari yake. Shujaa akiitwa kipepeo mara nyingi, watu huupenda uzuri wa mabawa wakasahau vipigo. Lakini katika njia hiyo jina halipotei.

Je, Kenya haikuwa na majina? Yalikuwako. Muthoni wa Kirima alianza kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari, kazi ile ile ya Mwanamke wa mchezo, kisha akaingia msituni mwenyewe na hakutoka mpaka mwaka 1963. Watu walimwita Field Marshal Muthoni. Alikuwa hai mchezo ulipotungwa, na alifariki mwaka 2023. Mukami, mkewe Kimathi, aliyefungwa Kamiti, alifariki mwaka huo huo. Sisi wa pwani tunaye Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kukataa amri za Waingereza. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi kwao kwa miguu. Hata huyu, msomaji, jina tumjualo nalo ni la uzazi, yaani mama yake Katilili. Jina alilopewa utotoni ni Mnyazi. Wangapi katika darasa lako walilijua?

Labda utasema kwamba jina ni jambo dogo. Sikubali. Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Miongoni mwa waliokwenda kushtaki London, mbele ya mahakama na magazeti, alikuwamo mwanamke mmoja, Jane Muthoni Mara. Ilimbidi aseme jina lake, na mahali alipoteswa, na alivyoteswa. Mahakama haiwezi kumlipa Mwanamke asiye na jina, humlipa mtu. Mwanamke akikaa bila jina katika kitabu, hapana hasara kwa mchezaji wa jukwaani. Akikaa bila jina katika historia, haki yake hupotea.

Basi hukumu yangu ni hii. Mzalendo Kimathi ni mchezo mkubwa, na mmoja wa watunzi wake alikuwa mwanamke aliyelipia msimamo wake kwa kuhamia ugenini tangu mwaka 1982 mpaka alipofariki mwaka 2023. Usingekuwa na nguvu kama si onyesho la mkate na onyesho la Msichana. Ulimtoa mwanamke jikoni ukamtia katikati ya mapambano, wakati ambapo vitabu vingi vilimwacha alie pembeni. Ila ulimpa kazi bila kumpa nafsi kamili. Anayeusoma leo aupe heshima yake, na aone pengo lake.

Yule mwanafunzi amekwisha kumaliza shule. Mwaka uliofuata tulipoucheza mchezo huu, nilimtaka kila msichana aliyeitaka sehemu ya Mwanamke aandike kwanza ukurasa mmoja: huyu mtu anaitwa nani, ametoka kijiji gani, na asubuhi ile alipokuwa akiutia mkate kikapuni aliogopa nini. Hakuna neno hata moja la ukurasa ule lililosemwa jukwaani. Walakini watazamaji waliokaa kwenye mabenchi walisema kwamba safari hii askari alipoushika ule mkate, wao walishindwa kupumua. Nawe, msomaji, kabla ya kulisoma onyesho lile mara ya pili, chukua kalamu uandike ukurasa wako.