Pepo anayesema mwenyewe: tumesoma «Mémoires de porc-épic»

Watu wakisikia kwamba kuna riwaya ya kupigana na mapepo, mara moja wanaona pasta mwenye mikro mkononi, ama mufumu na dawa zake, na pepo anayelia na kukimbia. Kitabu tunachochambua hapa kinapita njia ingine. Alain Mabanckou, mzaliwa wa ng'ambo ya mto, kwa ndugu zetu wa Congo-Brazzaville, alikitoa kwa Kifaransa mwaka 2006, na mwaka ule ule kikapata zawadi ya Renaudot kule Ufaransa. Ndani yake pepo hafukuzwi na mtu wa dini. Anakaa chini ya mbuyu na kueleza kazi yake yote.

Huyo msemaji ni nungunungu. Yeye ni mwenzi mbaya wa mtu mmoja, jina lake Kibandi, fundi wa mbao katika kijiji cha Séképembé. Kibandi alipokuwa na miaka kumi, babake alimpeleka porini usiku, akamnywesha dawa inayoitwa mayamvumbi. Kuanzia pale nungunungu akaacha wenzake wa pori, akawa mtumwa. Kibandi akichukia mtu, nungunungu anatumwa kwenda kumchoma na mwiba. Hivyo wakakula karibu watu mia. Binti mmoja anakufa juu alikataa ndoa, kijana mwingine juu alisoma sana na kujivuna mbele ya wazee. Mwishoni Kibandi mwenyewe anakufa, na nungunungu anashangaa juu ya nini yeye angali mzima, maana mila inasema mnyama na bwana wake wanakufa siku moja.

Tuanze na namna ya kuandika. Katika kitabu kizima hakuna nukta hata moja, ni virgule tu. Wengine waliona ni michezo ya watu wa Paris. Sisi hatukubali. Tulijaribu kukisoma kwa sauti, tukasikia mzee wa kwetu anayezungumza kando ya moto: anapumua, anaendelea, anarudi nyuma kidogo, anacheka, anaendelea tena. Mzee hana nukta. Mtu anayekisoma kwa macho tu anapoteza nusu ya utamu.

Lakini kuna jambo zito kuliko namna ya kuandika. Katika miji yetu, Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na mingine, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani juu ya kuitwa balozi. Mara nyingi ni yatima, ama mtoto anayekojoa kitandani, ama yule asiyelala vizuri. Wanaomshitaki wanasema alipewa uchawi ndani ya mkate ao ndani ya karanga. Sheria iko wazi: Katiba ya 18 Februari 2006, katika artikle 41, inakataza kushitaki mtoto uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatia azabu. Hata hivyo mambo hayo hayajaisha.

Sasa mtu anaweza kutuuliza: riwaya hii si inawapa nguvu washitaki? Si inaonyesha mtoto wa miaka kumi aliyenyweshwa uchawi? Swali hili ni la haki, na hatutaki kulikimbia.

Jibu letu la kwanza: tuangalie ni nani anashika kikombe. Ni baba, mtu mzima, mwenye heshima ya nyumba. Mtoto hakuomba kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni baba mwenyewe. Njo maana msomaji mzuri hawezi kutoka katika kitabu hiki na kidole kimeelekea kwa mtoto.

Jibu la pili ni jambo la sanduku. Kijijini, maiti inabebwa na wanaume wenye nguvu, na sanduku linawavuta mpaka kwenye nyumba ya muuaji. Wazee wengi wa kwetu wanajua desturi hiyo. Kumbe Kibandi anajificha kwa kutia mbegu ya ngazi mwilini mwake, fasi ambayo hatutaitaja hapa, na sanduku linapita. Mwenye kosa anabaki huru. Mabanckou anacheka, lakini kicheko hicho ni hukumu: ushahidi wa namna hii unadanganyika. Tukikubali hilo kwa kijiji cha hadithi, tutakubali namna gani ushahidi wa ndoto katika chumba cha maombi?

Jibu la tatu: ni nani anamshinda Kibandi? Wakubwa wameshindwa. Wanaomshinda ni watoto wawili, mapasa, Koty na Koté. Kwetu mapasa wana heshima yao na majina yao: Nsimba na Nzuzi kwa Bakongo, Mbuyi na Kabanga kwa Baluba wa Kasai. Mwandishi amechukua imani hiyo ya zamani, akaifanya silaha ya wadogo. Mtoto asiye kama wengine, yule ambaye leo angeshukiwa, hapo njo anaokoa kijiji.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwa sababu nungunungu peke yake anasema, wafu wanapita haraka kama shanga kwenye uzi. Tunajua walivyochomwa, kilio cha bamama zao karibu hatukisikii. Kicheko kinafunika matanga. Msomaji wa mbali anaweza kufunga kitabu akisema «Waafrika na mambo yao», bila kujua uzito wa kufiwa katika kijiji kidogo. Tungependa kurasa chache za huzuni tupu.

Pamoja na hayo, tunawaomba walimu wa masomo ya sekondari wakipatie nafasi darasani, kwa sauti, na kisha waulize wanafunzi swali moja: katika hadithi hii, nani alimtengeneza mulozi? Majibu ya vijana yatasaidia mtaa kuliko mahubiri mengi.