Saketi Inayotunza Wakati: Mwongozo wa Kuipima Kazi ya Flipuflopu

Saketi mbovu ya flipuflopu huwa inafanya kazi, na hilo ndilo linalowaponza wengi. Inawashwa mezani, taa zinahesabu vizuri, inafungwa kwenye kasha na kupelekwa kwa mteja. Majuma machache baadaye mashine inaruka namba, au inakwama usiku bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa kazi hii asiishie kuuliza kama inafanya kazi. Aulize data imeachiwa nafasi kiasi gani kabla na baada ya kila mpigo wa saa.

Flipuflopu, saketi inayoshika sifuri au moja, ni kitu cha zamani. William Eccles na Frank Jordan waliiombea hataza Uingereza mwaka 1918, wakitumia vali mbili, kila moja ikiizuia nyingine. Umbo limebadilika sana tangu hapo lakini tabia ni ileile: kuna hali mbili tulivu, na katikati yake pana mahali ambapo saketi haijaamua.

Chukua 74HC74, chipu ya pini 14 yenye flipuflopu mbili za aina ya D. Ukingo wa mpigo unapopanda, chipu inakamata kilichopo kwenye pini ya D na kukishika hadi mpigo ujao. Ili ikamate sawasawa, data lazima iwe imetulia muda fulani kabla ya ukingo, ambao nitauita muda wa kutangulia, na wakati mwingine ibaki imetulia muda fulani baada yake, yaani muda wa kushikilia. Datashiti ya Texas Instruments inadai nanosekunde 20 za kutangulia kwa volti 4.5, katika joto la nyuzi 25. Kwa volti 2, chipu hiyohiyo inadai nanosekunde 100. Ukionyeshwa kifaa cha betri, basi, uliza kama hesabu zilifanywa kwa betri mpya au kwa betri iliyokaribia kwisha. Joto nalo huzichelewesha chipu za CMOS kama hii, na kasha la bati linaloshinda juani halikai nyuzi 25. Fundi anayejua kazi husoma safu ya hali mbaya kabisa. Anayesoma safu ya hali ya kawaida anabahatisha.

Kosa la muda wa kutangulia na kosa la muda wa kushikilia hayalingani uzito. Muda wa kutangulia ukikosekana, punguza kasi ya saa na tatizo litaondoka. Muda wa kushikilia ukivunjwa, hata ukishusha kasi hadi mpigo mmoja kwa sekunde kosa litabaki palepale, kwa sababu linazaliwa ndani ya ukingo uleule mmoja. Tazama flipuflopu mbili zinazopokezana data. Mpigo ukiifikia ya pili kwa kuchelewa, ya kwanza itakuwa imeshabadilika, na ya pili itakamata data mpya badala ya ile ya zamani. Data inaruka hatua mbili kwa mpigo mmoja.

Ndiyo maana nikipewa mchoro naanza kufuata njia ya saa, halafu ndipo naangalia data. Urefu wa waya si mshukiwa wa kwanza: kwenye bodi ishara husafiri kama sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Mshukiwa ni geti lililowekwa kwenye njia ya saa. Mtu anataka kuizuia flipuflopu isihesabu, anapitisha saa kwenye geti la AND, na hapo ameongeza uchelewaji wa nanosekunde kadhaa kwa flipuflopu moja huku nyingine zikipata saa moja kwa moja. Vilevile geti likifungwa katikati ya mpigo, linatoa kipande chembamba cha mpigo ambacho flipuflopu inaweza kukiona au kutokiona. Kazi nzuri huiacha saa ipite bila kuguswa na kuweka kiteuzi mbele ya D, kinachochagua kati ya data mpya na ile iliyokwisha kushikwa. Nikiona hivyo, naamini aliyechora alifikiri.

Sehemu inayoonyesha ustadi zaidi ni pale ishara inapoingia kutoka nje: kitufe, kihisi, au saketi yenye saa yake. Ishara hiyo haijui mpigo unakuja lini, na siku moja itabadilika hasa kwenye ukingo. Flipuflopu hapo hubaki kama mpira uliotua juu ya mgongo wa paa. Itaanguka upande mmoja, lakini haijulikani baada ya muda gani. Thomas Chaney na Charles Molnar wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha ushahidi wa jambo hili mwaka 1973. Haliondolewi kabisa. Kinacholipunguza ni kusubiri, na uwezekano wa kosa hushuka kwa kasi kubwa kila unapoongeza muda kidogo. Kwa hiyo ishara hupitishwa kwenye flipuflopu mbili mfululizo, bila geti lolote kati yake, ili ya kwanza ipate karibu mpigo mzima wa kutulia. Hakikisha pia ishara moja ya nje inaingilia mlango mmoja tu. Ikigawanywa kwa flipuflopu mbili, moja inaweza kusoma sifuri na nyingine moja kwa wakati uleule.

Mengine ni ya kutazama haraka: kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini ya umeme ya kila chipu, chipu ya kunoa ukingo, 74HC14, pale ukingo unapopanda taratibu, na pini za kufuta na kuweka zisizotumika ziwe zimeungwa kwenye umeme, zisiachwe zikielea.

Kabla ya kuipokea bodi, ipashe joto, shusha volti hadi kiwango cha chini kilichoahidiwa, kisha ongeza kasi ya saa polepole mpaka ikosee. Ikikosea baada ya kuzidishiwa kidogo tu, irudishe. Ikivumilia mara mbili ya kasi yake, muda wa kutangulia uko salama. Kuongeza kasi hakufichui kosa la kushikilia, wala ishara ya nje iliyopokelewa vibaya. Hayo huonekana kwenye mchoro, na bodi isiyo na mchoro mimi siipokei.