miniSASS ni nzuri, lakini Ibadakuli itapima mto gani?

Kama umewahi kumwona mtoto akigeuza mawe mtoni kutafuta kaa, umeshaelewa nusu ya miniSASS. Mbinu hii ya Afrika Kusini, iliyochapishwa mwaka 2004, inampa mwananchi wavu, beseni jeupe na dakika tano hivi za kuchokoa mawe na majani. Halafu unaangalia umepata makundi gani kati ya 13 ya viumbe wadogo wa majini. Minyoo na ruba wana alama 2, konokono 4, kaa 6, na yule mdudu wa mikia miwili anayejificha chini ya mawe ana 17. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya makundi, umepata hali ya mto. Hakuna maabara, hakuna kemikali.

Naipenda. Sasa ipeleke Ibadakuli, pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga. Vijito vya huku ni vya msimu: mvua zikikata kinabaki mchanga, na mwenye shida anachimba humo humo apate maji. Yule wa alama 17 anataka maji ya kasi, mawe na hewa nyingi. Kijito cha mvua ya juzi hakimpati hata kama juu yake hakuna choo wala karasha. Utaandika "mto mchafu" kumbe mto wenyewe ni mgeni tu. Kweli, miniSASS ina ngazi tofauti kwa mito ya mawe na ya mchanga, ila zote zinadai mto unaotiririka. Lambo halihesabiki.

Kwa ukanda wa dhahabu shida ni nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia mto Tigithe. Uchafuzi wa aina ile wadudu wangeuonyesha haraka, maana asidi inawaua. Zebaki haina papara hivyo. Mchenjuaji anaichanganya na mawe yaliyosagwa, nyingine inabaki kwenye marudio, mvua inayasomba. Ndani ya tope bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo inapanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwenye samaki wa mezani. Wakati huo kereng'ende wachanga wanaweza kuwepo kama kawaida na beseni likatoa alama nzuri! Mama atakayesoma alama hiyo kama ruhusa ya kunywa atakuwa amedanganywa, ingawa hakuna aliyesema uongo.

Kwa hiyo Ibadakuli ningeanza na chupa ya H2S, ile inayogeuka nyeusi ndani ya siku moja au mbili kama maji yana dalili za kinyesi. Inafanya kazi hata kwa maji ya kisima cha mchangani, na inajibu swali ambalo watu wanauliza kweli: tunywe au tuchemshe? Zebaki ibaki kazi ya maabara. Wananchi waseme tu sampuli ichukuliwe wapi na lini, maana wao ndio wanajua karasha lipi limehamia juu ya kijito.

Halafu daftari liende wapi? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji na bodi za mabonde. Miongozo ya mafunzo niliyosoma inatumia kurasa nyingi kumfundisha mwananchi miguu ya wadudu, na mistari miwili kuhusu nani lazima amjibu, na ndani ya siku ngapi.